Kuanza Sweta: Njia Ipi kwa Kazi Ipi

Sweta la shule halichakai lote kwa pamoja; huanza kuchakaa pindoni. Kifua bado kizima, mgongo haujatoboka, rangi haijapauka, ila chini limetanuka na kujikunja, na mwisho wa mikono uzi umekatika na vitanzi vinafumuka kimoja baada ya kingine. Mzazi hulaumu uzi. Mwalimu humlaumu mtoto. Mara nyingi kosa limo kwenye mstari wa kwanza kabisa, ule ambao fundi aliumaliza kwa dakika chache ili apate kuingia kwenye kile anachokihesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Katoro ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Mji huu wa Wilaya ya Geita, Tanzania, umekua kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo na kwa barabara itokayo Geita kuelekea Bwanga, hadi umeshikana na Buseresere ya Wilaya ya Chato na mgeni hajui amevuka mpaka saa ngapi. Ni mji wa biashara, wenye watu waliotoka kila upande wa Kanda ya Ziwa na nje yake, na wenye watoto wengi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), kisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada hadi kidato cha nne. Sare haikuondolewa. Imebaki mfukoni mwa mzazi, na sweta ni sehemu ya sare hiyo.

Tena si vazi la pambo. Ziwa Victoria lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Katoro iko juu zaidi ya ziwa. Asubuhi za Juni na Julai zina ubaridi wa kumfanya mtoto avute mikono ya sweta hadi ifunike vidole. Ikifika saa sita jua limechoma, sweta linavuliwa, mikono yake inazungushwa kiunoni na kufungwa fundo. Kesho yake ni vivyo hivyo. Mzazi naye, kwa kuwa anataka sweta liende miaka miwili, amenunua kubwa. Mikono inakunjwa, inakunjuliwa, inakunjwa tena. Kwa hiyo sehemu mbili zinazoteswa kuliko zote ni pindo la chini na mwisho wa mikono, na hizo ndizo sehemu ambako sweta la kawaida linaanziwa, kwa sababu hufumwa kutoka chini kwenda juu.

Basi swali la namna ya kuanza si la wapenda mitindo. Ni swali la sweta litavaliwa muhula mmoja au minne.

Kwa wenye vitabu, majibu ni mengi hadi yanachosha. Mwaka 2012 pekee vilitoka Marekani vitabu viwili vya jambo hili: cha Leslie Ann Bestor, chenye njia 54 za kuanza na kumaliza kufuma, na cha Cap Sease, chenye njia 211. Anayefuma kwa ajili ya kuuza hahitaji kuzijua zote. Anachohitaji ni kujiuliza maswali manne kabla hajagusa sindano. Je, ukingo huu utavutwa? Je, utasuguliwa? Uzi wenyewe, ukivutwa, unarudi? Na je, atahitaji kuurudia ukingo huu baadaye ili aendelee kufuma upande wa pili? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua njia.

Kinachofanyika kwenye mstari wa kwanza

Katika kufuma, kila kitanzi kimeshikwa na kitanzi kilicho chini yake. Mstari wa kumi umekaa juu ya wa tisa, wa tisa juu ya wa nane. Mstari wa kwanza peke yake hauna wa kuushika. Lazima ujishike wenyewe, na njia zote za kuanza ni majibu tofauti ya tatizo hilo moja: uzi ujizungushe vipi, au ujifunge vipi, ili vitanzi visifumuke na bado viweze kutanuka.

Kutanuka kwa ukingo kunategemea urefu wa uzi uliolala kati ya kitanzi na kitanzi. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mfumaji anayeona ukingo wake umekaza hushauriwa aanzie kwenye sindano nene zaidi, au ashike sindano mbili pamoja. Matokeo yake ni vitanzi virefu vilivyosimama kwenye mstari wa kwanza, huku ukingo chini yake umekaza vilevile, kwa kuwa nafasi kati ya vitanzi haikuongezeka. Dawa ni ndogo zaidi: kuweka ncha ya kidole cha shahada kwenye sindano baada ya kila kitanzi, ili kitanzi kinachofuata kisimkaribie mwenzake. Sindano ni ileile. Ukingo ni mwingine.

Njia nyepesi na bei yake

Njia inayofundishwa kwanza, hasa kwa watoto, ni ya kitanzi kimoja kimoja: uzi unazungushwa kwenye dole gumba, unatiwa kwenye sindano, unavutwa. Kwa dakika moja mtoto amepata vitanzi 30 na amefurahi. Furaha huisha kwenye mstari wa kwanza wa kufuma, kwa sababu kila kitanzi kinachofumwa kinamwachia jirani yake uzi wa ziada, na anapofika mwisho ameburuza kipande kirefu cha uzi kisicho na kazi. Ukingo unaobaki ni mlegevu, mwembamba, na ni wa kwanza kukatika.

Hata hivyo njia hii ina mahali pake. Mfumaji akiwa katikati ya kazi na akahitaji kuongeza vitanzi vichache, kwa mfano kwapani, wembamba wake unakuwa faida, kwa kuwa sehemu hiyo itashonewa ndani na haitakiwi kuwa nene. Kuianzia pindo la sweta la shule ndilo kosa.

Inayofuata kwa urahisi ni ya kufuma kila kitanzi kipya kutoka kwenye kilichotangulia. Kitanzi cha kwanza kinafumwa kama kawaida, lakini badala ya kukiachia, kile kipya kinarudishwa kwenye sindano ya kushoto. Mtu aliyejua kufuma tayari ameijua. Ukingo wake ni wa wastani, wenye matundu kidogo, na haufai kwa kitu kinachosuguliwa sana.

Badiliko dogo linaigeuza tabia yake yote. Sindano ya kulia, badala ya kuingia ndani ya kitanzi cha mwisho, ikiingia kati ya vitanzi viwili vya mwisho, ukingo unaotokea unakuwa mnene na imara, umejisokota mithili ya kamba. Hautanuki hata ukiulazimisha. Kwa mkono wa sweta ni balaa, kwa kuwa kiganja hakitapita. Kwa tundu la kifungo, kwa mdomo wa mfuko wa koti au kwa ukingo wa kikoba cha kufuma, hakuna ulio bora zaidi, maana huko kinachotakiwa ni kutotanuka.

Mkia mrefu

Katika njia zote za mikono, moja imekuwa chaguo la kawaida la wafumaji wa nchi nyingi, nayo ni ya mkia mrefu. Mfumaji huvuta uzi kutoka kwenye bonge na kuacha mkia, kisha hufunga kitanzi cha kwanza. Uzi wa mkia hupita kwenye dole gumba la mkono wa kushoto, uzi wa bonge hupita kwenye kidole cha shahada, na nyuzi zote mbili hushikwa kiganjani. Sindano huingia chini ya uzi wa dole gumba, huenda kunasa uzi wa kidole cha shahada, hurudi nao kupitia kitanzi cha dole gumba, kisha kitanzi hicho huachiwa na kukazwa. Mkono uliozoea hufanya hivyo bila kutazama.

Uzuri wa njia hii ni kwamba uzi mmoja unafanya kazi ya kitanzi na mwingine unafanya kazi ya ukingo. Mfumaji anapomaliza, tayari amefuma na mstari wa kwanza. Ukingo ni nadhifu, una unyumbufu wa kutosha na hauchoki upesi.

Ubaya wake unajulikana na kila aliyewahi kuitumia: mkia kwisha vikiwa vimebaki vitanzi sita. Kuna kanuni mbili za kuepuka hilo. Ya kwanza ni kukadiria mkia mara tatu ya upana wa kipande, na kuongeza shubiri moja. Pindo la sentimita 40 linataka mkia wa sentimita 120 na shubiri yake. Ya pili ni sahihi zaidi. Uzi unazungushwa kwenye sindano mara kumi, unafunguliwa, na urefu huo unapimwa. Ndio uzi wa vitanzi kumi. Kwa vitanzi 80 urefu huo unazidishwa kwa nane, na kidogo kinaongezwa kwa ajili ya kushonea. Aliyezoea kuogopa hesabu anaweza kutumia ncha mbili za uzi kutoka kwenye mabonge mawili: amalize kuanza, akate ncha moja, aendelee na nyingine.

Kwa sweta la mtoto wa shule, njia hii ina nyongeza yenye thamani kubwa isiyo na gharama. Uzi wa dole gumba ukiwa mara mbili, ukingo unapata unene pale tu unaposuguliwa, na sehemu nyingine ya sweta inabaki na wepesi wake. Wavuvi wa Visiwa vya Channel, kati ya Uingereza na Ufaransa, walilijua hilo zamani. Sweta zao za kazi, zinazoitwa kwa jina la kisiwa cha Guernsey, zilianziwa kwa uzi wa ukingo ulio mara mbili, na kila jozi ya vitanzi ikiacha fundo dogo kwenye pindo. Leo mafundo hayo huonekana kama pambo. Asili yake ni pindo la mtu anayeshika kamba na nyavu siku nzima.

Mkia mrefu unaweza pia kusokotwa. Sindano, kabla ya kunasa uzi wa kidole cha shahada, hupindua kitanzi cha dole gumba mara moja zaidi. Msokoto huo mmoja unaongeza uzi kati ya vitanzi, na ukingo unanyumbuka zaidi. Ndiyo njia ya kutumia kwenye soksi na kofia, ambako ukingo unapaswa kupita mahali papana, kisigino au paji la uso, halafu ubane mahali pembamba.

Bomba, na siri iliyo sokoni

Anayetaka kuona ukingo bora kuliko wote hana haja ya kununua kitabu. Aende kwenye mafungu ya mitumba ya sokoni, achukue sweta lolote lililofumwa kiwandani, aligeuze pindo na kulitazama kwa karibu. Mara nyingi hataona mwanzo. Mistari ya ribu, ile inayopanda na kushuka na kuvutika, inafika chini, inajikunja kwa mviringo na kurudi upande wa pili bila alama ya kuanziwa. Ukilivuta linatanuka, ukiliachia linarudi. Sweta hilo huenda limeshavaliwa miaka kadhaa Ulaya kabla ya kufika Geita, na pindo bado linabana.

Huo ndio ukingo wa bomba. Umeitwa hivyo kwa kuwa mistari yake ya kwanza ni tabaka mbili, mbele na nyuma, zilizoungana chini na kuacha uwazi katikati. Hakuna uzi ulionyooka unaokatiza ukingo, kwa hiyo hakuna cha kuzuia ribu isitanuke.

Kwa mikono, kazi hii inataka subira. Kwa ribu ya kitanzi kimoja mbele na kimoja nyuma, anayetaka vitanzi 80 huanza na 40, kwa kipande cha uzi wa rangi nyingine utakaotolewa baadaye. Kisha huingia uzi wenyewe: hufuma kitanzi, huleta uzi mbele ya sindano ili kuzaa kitanzi kipya, hufuma kinachofuata, na kuendelea hivyo hadi vitanzi viwe mara mbili. Mistari mitatu au minne inayofuata hufumwa kwa zamu. Vitanzi vya mbele vinafumwa, vya nyuma vinahamishwa tu bila kufumwa, uzi ukipita mbele yake. Mstari unaofuata, kazi ikishageuzwa, hufanya hivyohivyo kwa vile vilivyorukwa. Ndipo ribu ya kawaida inaanza, na uzi wa rangi nyingine unachomolewa.

Njia hii ina sharti moja. Sindano za mistari ya mwanzo lazima ziwe nyembamba kuliko zitakazofuata. Aliyelisahau sharti hilo atapata pindo linalopepea, na atasema njia ni mbaya.

Mashine haimwokoi fundi mvivu

Sweta nyingi za shule hazifumwi kwa sindano mbili za mkononi. Hufumwa kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, yenye vitanda viwili vya sindano vilivyoegemeana, na kigari kinachopita juu yake kutoka kulia kwenda kushoto. Ukoo wa mashine za kufuma ni mrefu. William Lee wa Nottinghamshire, Uingereza, anatajwa kutengeneza ya kwanza mwaka 1589 kwa ajili ya soksi. Mashine bapa ya vitanda viwili ni ya Mmarekani Isaac Lamb, aliyepata hataza yake mwaka 1863. Inayosukumwa leo kwenye kibanda cha fundi ni mjukuu wa ile ya Lamb, na namna yake ya kuanza bado ni ileile.

Fundi hupitisha kigari mara moja, na uzi unakwenda upogo kwa upogo: sindano ya mbele, ya nyuma, ya mbele, ya nyuma. Kutoka chini huinua kitana cha chuma, meno yake yanapenya kati ya nyuzi hizo, waya unasukumwa kupita kwenye meno ili kitana kisianguke, na vyuma vizito vinaning'inizwa ili kuvuta kazi chini. Baada ya hapo hubadili vitasa vya kigari ili kikienda kifume kitanda cha mbele peke yake, na kikirudi kifume cha nyuma peke yake. Safari mbili au tatu za namna hiyo ndizo zinazotengeneza bomba. Ndipo vitasa vinarudishwa, vitanda vyote viwili vinafuma, na ribu inapanda.

Safari hizo mbili au tatu huchukua muda mfupi mno. Ndizo pia ambazo fundi mwenye foleni ya Januari anashawishika kuziruka. Anatoka kwenye upogo, anaingia ribu moja kwa moja. Sweta linatoka, linakunjwa, linauzwa, na kwa macho halina kasoro. Baada ya kufuliwa mara chache, pindo lililobebwa na uzi mmoja uliopinda linafunguka na kupoteza umbo. Kosa la pili ni la kukaza. Upogo huo unatakiwa ufumwe kwa kipimo kidogo kuliko ribu. Ukilegezwa, vitanzi vya ukingo vinaning'inia na kunasa kwenye misumari ya madawati, na ukikazwa kupita kiasi, unakatika siku ya kwanza mtoto atakapovuta mkono wa sweta.

Kwa hiyo mjadala wa sweta la mkono na la mashine, lipi linadumu, hauna maana kubwa kwenye suala hili. Pindo la mashine lililoanziwa kwa bomba linalishinda la mkono lililoanziwa kwa kitanzi kimoja, na kinyume chake ni kweli.

Uzi nao una sauti

Geita imo ndani ya ukanda wa pamba wa magharibi, ukanda ambao vyama vyake vya ushirika viliungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria, wakati wa viongozi wa ushirika kina Paul Bomani. Sweta la shule la Katoro, hata hivyo, kwa kawaida si la pamba. Ni la akriliki, uzi wa kemikali za mafuta ya petroli ambao kampuni ya Du Pont ya Marekani iliuingiza sokoni mwaka 1950 kwa jina la Orlon. Afrika Mashariki unasokotwa, kwa mfano, na kiwanda cha Ken-Knit cha Eldoret, Kenya. Ni mwepesi, unashika rangi, unakauka upesi na bei yake inabebeka.

Tofauti ya nyuzi hizi mbili inabadilisha uchaguzi wa kuanza. Pamba haina mrudio. Ikivutwa inabaki ilipovutwa, na ikilowa inakuwa nzito na kuvuta zaidi. Kuipa pamba ukingo wa kunyumbuka sana ni kuomba pindo lililotanuka baada ya wiki mbili. Inataka mkia mrefu uliokazwa kidogo kwenye sindano nyembamba, au ule ukingo wa kamba. Sufu iko upande wa pili: inavutwa na kurudi, na inasamehe makosa mengi ya fundi. Akriliki iko katikati. Inarudi vizuri, mradi haijaguswa na moto.

Na moto upo nyumbani. Pasi ya mkaa haina kipimo, na akriliki ikipata joto kali, hasa lenye mvuke wa kitambaa kibichi, inalegea moja kwa moja. Ribu iliyopigwa pasi hivyo inalala bapa na haibani tena. Wafumaji wa ng'ambo husema uzi umeuawa. Hakuna njia ya kuanza itakayolifufua pindo hilo. Fundi anayemkabidhi mzazi sweta angemwambia neno moja tu: lifuliwe, likung'utwe, lilazwe likauke, pindo lisipigwe pasi.

Kazi mbalimbali, majibu mbalimbali

Sweta la shule limechukua nafasi kubwa hapa kwa sababu ndilo lenye soko. Lakini mfumaji wa Katoro hafumi sweta tu.

Kofia ya mtoto mchanga ni kazi ndogo yenye uzito mkubwa. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzunguko wa sentimita kama 34 au 35. Cha njiti ni kidogo zaidi. Watoto wanaozaliwa na uzito mdogo hulelewa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamevalishwa kofia na soksi. Utafiti uliohusisha hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba malezi hayo yakianza mara tu baada ya kuzaliwa, vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0. Kofia ni sehemu ndogo ya huduma hiyo, lakini lazima ikae. Ukingo uliokaza unaacha alama kwenye ngozi laini. Uliolegea unashuka hadi machoni, au kofia inavuka na joto linapotea. Mkia mrefu uliosokotwa, ukifuatiwa na ribu, unatosha. Mwenye muda atumie bomba.

Shali la mtoto ni habari nyingine. La mviringo huanziwa katikati, na hapo hakuna ukingo wa kuvutwa. Kuna tundu la kufungwa. Mwalimu maarufu wa kufuma Elizabeth Zimmermann, katika kitabu chake cha mwaka 1974, Knitter's Almanac, alieleza shali la duara linaloanza na vitanzi tisa, vikazidishwa mara mbili hadi 18, 36, 72 na kuendelea. Vitanzi hivyo tisa hufumwa kwa kulabu kuzunguka duara la uzi uliolegea, kisha ncha ya uzi inavutwa na tundu linafumba.

Kulabu hiyo inamfaa sana mwanamke wa Tanzania, kwa sababu wengi wanaoogopa sindano mbili wanaijua kulabu vizuri kwa kufuma vitambaa vya makochi na vya meza. Ujuzi huo ni mlango. Mnyororo wa kulabu ukifumwa kuizunguka sindano, kila kifundo kinaacha kitanzi juu ya sindano, na ukingo unaotokea unafanana na ule wa kawaida wa kumalizia. Skafu iliyoanzwa hivyo ina ncha mbili zinazolingana. Mnyororo huohuo ukitengenezwa kwa uzi wa rangi nyingine, na vitanzi vikiokotwa mgongoni mwake, unaweza kufumuliwa baadaye na kuacha vitanzi hai vinavyosubiri sindano. Hilo ndilo jibu la swali la nne. Mtoto akirefuka, sweta lililoanziwa hivyo huongezwa chini. Mzazi anayenunua sweta kubwa kwa kuogopa mwaka ujao angeweza kununua linalomtosha mtoto sasa, na kurudi kwa fundi kuliongeza.

Soksi zinazoanziwa vidoleni zilipata njia mpya mwaka 2006, pale Mmarekani Judy Becker alipochapisha namna ya kuzungusha uzi kwenye sindano mbili kwa zamu, ili vitanzi vya juu na vya chini vizaliwe pamoja na mshono usiwepo. Vikaragosi vya kufuma, kama wanyama wanaotengenezwa na kikundi cha Kenana Knitters cha Njoro, Kenya, kilichoanza mwaka 1998, ni kundi la peke yake. Kwenye kikaragosi ukingo mara nyingi hukusanywa kwa uzi na kufungwa kabisa, kwa hiyo unyumbufu si hoja. Kinachotakiwa ni ukingo mwembamba usioacha uvimbe.

Hukumu

Zikipimwa zote, mfumaji wa mkono mwenye kazi za kawaida za Katoro anahitaji njia tatu kichwani: mkia mrefu, pamoja na msokoto wake, kwa karibu kila kitu kinachovaliwa, ukingo wa kamba kwa matundu ya vifungo, mifuko na kazi za pamba, na mnyororo wa kulabu kwa kitakachoendelezwa baadaye. Ya nne, ya bomba, ni ya anayetaka kazi yake ilingane na ya kiwandani. Kwa fundi wa mashine hakuna uchaguzi wa kujadili: safari za bomba zisirukwe.

Kila njia ijaribiwe kwanza. Vitanzi 20, mistari kumi ya ribu, kipande kivutwe, kifuliwe, kivutwe tena. Uzi unaotumika ni mdogo, na unaweza kufumuliwa na kurudi kwenye bonge.

Walimu wanayo nafasi pia. Tangu Januari 2024, mkondo wa amali, yaani wa ufundi, umeanza kidato cha kwanza, na vyuo vya ufundi vya VETA viko kazini tangu miaka ya 1990. Palipo na darasa la mavazi, kipindi kimoja cha kulinganisha kingo, kwa vipande vya mitumba mezani, kingemfundisha kijana zaidi ya kuambiwa aanze tu na atajua mbele ya safari.

Mnunuzi naye asimwachie fundi kila kitu. Kabla ya kulipa, ashike pindo kwa mikono miwili, alivute hadi lifike mara moja na nusu ya upana wake, aliachie, kisha afanye hivyo kwenye mwisho wa kila mkono. Pindo likirudi, sweta lina thamani ya pesa yake. Lisiporudi likiwa jipya, halitarudi likishafuliwa, na ni haki yake kuomba jingine.